Kipima brix cha mkono: nimekitumia misimu miwili kwenye miwa yangu Kidodi, haya ndo niliyoyaona

Wadau wa miwa habari za msimu. Nimeulizwa na watu wengi, hasa wa huku kwetu Kidodi na Ruhembe mkoani Morogoro, kuhusu kile kidude ninachotembea nacho shambani, sasa naandika yote hapa kwa mara moja ili mtu akitaka kununua ajue anaenda kununua nini. Ni kipima brix cha mkono, wengine wanakiita rifraktomita, kabomba kadogo kama tochi ya betri mbili, hakatumii betri wala chaji, unaweka mfukoni unaenda nako. Kazi yake ni kukuambia maji ya muwa wako yana vitu vilivyoyeyuka kiasi gani, vingi vikiwa sukari (hiyo ndo brix), kabla hujaukata, yaani ukiwa bado umesimama shambani.

Kwa nini nilikitaka? Sisi wakulima wa nje huku Kilombero, tunaolima mashamba yetu wenyewe na kuuzia kiwanda cha sukari, hatulipwi uzito peke yake, malipo yanaangalia na utamu, kwahiyo mwaka hadi mwaka napokea karatasi ina tani na ina sukrosi, yaani ile sukari halisi kiwanda inayoitaka, tani nazielewa maana nimeona gari zikipakia, ila sukrosi inakuja tu kama matokeo ya mtihani ambao sikuwepo. Msimu mmoja juu, msimu mwingine chini, na mi sijui nilichofanya tofauti. Halafu kuna hili la kukata na kusafirisha, unakatwa hela kwa tani, sasa fikiria tani ya muwa mchanga uliojaa maji na tani ya muwa uliokomaa gharama ya kukata na kubeba ni ile ile, yaani unalipia gari kubeba maji yako mwenyewe. Hilo liliniuma kuliko kitu chochote. Na sa hivi na huu upanuzi wa kiwanda, ule mradi wa K4 ambao lengo lake ni kufikia tani 271,000 za sukari kwa mwaka, kila kikao ni limeni zaidi limeni zaidi, lakini ardhi ya hili bonde kati ya mto na milima ya Udzungwa haiongezeki. Mwenye ekari zake chache kama mimi njia yake ni kujua kila kipande kinamzalishia nini.

Basi nikaagiza Dar. Hapa msikilize vizuri maana ndo watu wanaliwa. Nilipiga simu duka moja la vifaa vya maabara nikamwambia nataka kipima utamu, akanitajia elfu 85, nikatuma, kikaja na basi kesho yake kwenye kiboksi kizuri kabisa. Nimefika shambani nimekamua muwa nimeweka matone, naangalia, hakuna mstari. Nikabadilisha muwa, hakuna. Nikageukia jua likiwa nyuma yangu, likiwa pembeni, hakuna kitu. Nimehangaika na kile kidude siku mbili nikidhani macho yangu yana shida, mpaka bwana shamba alipokuja akaangalia ndani akasema ngazi yake inaanza 58 inaenda mpaka 90, hiki ni cha kupimia asali. Asali ni nzito, maji ya muwa hata uwe mtamu vipi yanakuwa huko kwenye ishirini na kitu, hayawezi kufika 58. Nikapiga dukani, jamaa akasema mzigo ukishafunguliwa haurudi. Elfu 85 ikaenda, nikaja kumuuzia mfugaji wa nyuki mmoja kwa nusu bei. Kwahiyo ukinunua sema wazi: nataka cha 0 mpaka 32, na kabla hujatuma hela mwambie muuzaji akupigie picha ya ndani kupitia pale pa kuwekea jicho, simu inapiga kabisa na namba zinaonekana.

Cha pili nilienda kununua mwenyewe kwa mkono, elfu 90, na hichi ndo nakizungumzia. Upande mmoja kina kioo kimelala mshazari, juu yake kuna kifuniko cha plastiki angavu kinachoinuka, upande wa pili kuna mpira mweusi wa kuweka jicho na pete ya kuzungusha ili namba zionekane vizuri. Unadondoshea matone mawili ya maji ya muwa, unashusha kifuniko taratibu kusiwe na kipovu cha hewa, unaelekeza kwenye mwanga, sio jua lenyewe maana utaumia jicho, elekeza angani tu. Unaona duara, juu bluu, chini nyeupe, na pale zinapokutana ndo unasoma. Mara ya kwanza nilipoona ule mstari umekaa kwenye 20 kasoro nilimwita mke wangu aje aone, na yeye akaangalia akasema kumbe ni rahisi hivi. Ni rahisi kweli, watoto wangu wote wanaweza.

Kuna mambo kiboksi hakikuambii. La kwanza, kabla ya kuanza kazi weka tone la maji safi yale ya kuweka kwenye betri ya gari, mstari uwe kwenye 0, kama uko juu au chini kuna kaskrubu kadogo juu unakazungusha na kabisibisi kanakokuja nacho. Changu kila nikikaa nacho mwezi kinapanda kidogo, nusu digrii hivi, sio kosa kubwa ila usipolirekebisha unajidanganya. La pili ni joto. Hivi vya bei yetu vinajirekebisha vyenyewe kwa joto lakini kati ya nyuzi 10 na 30 tu, na nyie mnajua saa nane mchana huku bondeni joto linakuwaje, kifaa chenyewe kikikaa mfukoni kinachemka. Napima asubuhi, saa moja mpaka saa tatu, baada ya hapo naacha. La tatu maji ya muwa yakikaa kwenye kioo yanakauka na namba inapanda, kwahiyo weka, soma, andika, osha, futa na kitambaa laini. Nilikuwa nafuta na shati, kioo kimepata mikwaruzo miwili, sasa natembea na kipande cha khanga ya zamani na chupa ya maji.

Na kukamua nako kuna namna. Sina ile sindano maalumu ya kutobolea, natumia koleo la fundi umeme, nakata kipande cha pingili nabana yanatoka matone ya kutosha. Ila muwa unachagua wapi? Ukichukua ile ya pembeni ya barabara unajidanganya, ile inapata jua na hewa kuliko ya katikati. Mi naingia ndani kabisa, natembea kama herufi zeti, nachukua miwa 15 kila shamba, na kila muwa napima mara mbili, pingili ya tatu kutoka chini na ile pingili ya juu kabla ya majani mabichi. Na usipime siku mbili tatu baada ya mvua, muwa unakuwa umekunywa.

Sasa hapa kwenye juu na chini ndo utamu wa hichi kifaa ulipo, na ndo sababu nakitetea. Muwa unajaza sukari kuanzia chini kupanda juu. Ukiwa mchanga chini tayari patamu ila juu bado maji, ukikomaa vinakaribiana. Kwahiyo namba moja peke yake haikuambii kitu, unagawanya ya juu kwa ya chini. Mwezi wa sita msimu uliopita nilipata chini 21 juu 13, ukigawanya ni 0.62, hapo muwa haujaiva hata kama shamba zima limeshaanza kugeuka njano na majirani wanakuambia choma, maana huku tunachoma majani kabla ya kukata. Nikasubiri wiki nane, kiangazi kimeshika, nikapima tena chini 21.5 juu 19, hiyo ni 0.88. Ukifika huko 0.85 kwenda 1 uko pazuri, ikipita 1 ujue muwa umeanza kupitiliza. Ona namba ya chini haijabadilika karibu kitu, 21 na 21.5, mtu anayeonja muwa kwa meno pale chini angesema uko tayari tangu mwezi wa sita. Miaka yote mi nilikuwa naonja chini.

Sisemi ukiwa na kifaa unaamua siku ya kuvuna, hapana, zamu inapangwa kwenye AMCOS, yaani ushirika wetu wa wakulima, na kiwandani na gari ni za kugombania. Lakini nilienda kwenye kikao na daftari langu lina tarehe na namba za vipande viwili, nikaomba kile kipande kilichokomaa kitangulie na kile kichanga kisogezwe nyuma, wakakubali kubadilisha. Kabla ya hapo ningesema nini? Ningesema naona kama umekomaa, na kila mtu kwenye kikao anaona kama wake umekomaa.

Mahali pa kuwa makini sana, na hapa nimeshuhudia mwenyewe. Kuna siku kipande changu kilichomwa na kukatwa, mvua ikanyesha ghafla, gari la mkandarasi likakwama kwenye tope, miwa ikalala chini siku tano. Nikasema ngoja nipime nione nimepoteza kiasi gani. Nikapata 23! Juu kuliko ulivyokuwa umesimama. Nikafurahi kabisa nikamwambia jirani mbona umeongezeka, na kiwandani ulipofika sukrosi ikasoma chini sana. Bwana shamba ndo akanifafanulia. Muwa uliokatwa unakauka, maji yanapungua, kwahiyo kilichobaki kinakuwa kizito na kipimo kinapanda, lakini wakati huohuo ile sukari yenyewe inavunjika inageuka sukari za aina nyingine ambazo haziwezi kuwa punje kiwandani, na bakteria nao wanaila. Kipima brix hakitofautishi. Kinapima kila kilichoyeyuka kwenye yale maji, sukari nzuri, sukari iliyovunjika, chumvichumvi, vyote. Kile kipimo cha maabara cha kiwandani kinachotumia mwanga kuipima sukrosi yenyewe ni kitu kingine kabisa. Kwahiyo tafadhali usije ukabeba namba yako ya brix 20 ukaenda kugombana na maabara eti mbona mmeniandikia sukrosi asilimia 9, hizo sio namba za kitu kimoja. Ya kwako ni ya maji ya muwa peke yake, muwa mzima una nyuzinyuzi na una taka, na kwa kawaida inahitajika tani 10 hivi za miwa kupata tani moja ya sukari. Hichi kifaa ni cha muwa uliosimama, kukuambia umeiva au bado. Ukikitumia kwa kesi kitakuangusha.

Sasa nieleze kitu ambacho sikukitegemea. Nilipomwonyesha bwana shamba daftari langu akalisifia, halafu akaniuliza, "Shamba hili ni ekari ngapi?" Nikamjibu ekari nne. Akasema, "Nani alipima?" Nikakaa kimya. Marehemu baba alilinunua linaitwa ekari nne, kila ekari imepimwa kwa hatua 70 kwa 70 kama mashamba yote ya huku yanavyopimwa. Akasema, "Mzee, wewe unapima sukari kwa kifaa na ardhi kwa miguu ya mtu."

Tukasubiri baada ya kuvuna maana ndani ya miwa mirefu simu haishiki vizuri setilaiti, tukazunguka mpaka wa shamba na programu ya bure ya kupima eneo kwenye simu, mara mbili, halafu na tepu ya mita 50 pande zote kuhakikisha maana simu inaweza kukosea mita kadhaa na kwenye shamba dogo hizo mita ni nyingi. Ikatoka hekta 1.29. Ekari 3.2 kasoro. Ekari halali ni mita za mraba 4,047, ili hatua 70 kwa 70 zitoe ekari kila hatua inabidi iwe sentimita 91, huyo ni mtu mrefu anayetanua miguu. Mtu wa kawaida anatembea sentimita 80, na hapo "ekari" yako ni robo tatu ya ekari na kidogo.

Niwaambie ukweli nilikaa chini ya mwembe nikapiga hesabu mpaka jioni. Msimu ule nilivuna tani 71. Miaka yote najihesabu kwa ekari nne, naona napata tani 17 na kitu kwa ekari, najiona mkulima mbovu. Kumbe ni tani 22. Hiyo ni nzuri. Lakini geuza upande wa pili, trekta nimelipa ekari nne, palizi vibarua nimewalipa ekari nne, dawa ya magugu ekari nne, Urea mifuko miwili kwa ekari nimemwaga mifuko nane wakati shamba lilitaka sita na nusu hivi. Kila msimu. Miaka kumi na moja tangu nirithi. Hiyo pesa sijawahi kuiona ikitoka maana ilikuwa inatoka kidogo kidogo kwa ekari isiyokuwepo.

Na wengine ni kinyume. Jirani yangu mmoja anasifika anapata tani 30 kwa ekari, tukampimia, yeye kila ekari yake ilipimwa kwa tepu mita 70 kwa 70, hizo ni mita za mraba 4,900, ni ekari moja na sehemu ya tano ya ekari. Tani zake kwa ekari halali ni 25 kasoro. Bado ni nzuri, ila muwa wake ulikuwa wa kupanda, yaani wa mbegu mpya, umekaa shambani miezi 17, wa kwangu ni machipukizi ya miezi 12, ule unaoota tena kwenye mashina yaliyokatwa. Ukigawanya kwa mwezi yeye anapata tani moja na nusu hivi kwa ekari, mimi msimu huu wa pili nimevuna tani 74 kwenye ekari 3.2, ni tani 1.9 kwa mwezi. Simdharau, muwa wa kupanda unajenga msingi wa machipukizi yote yanayofuata na yeye atavuna mwakani bila kulima tena, ila ukitaka kulinganisha mashamba mawili lazima ujue ardhi halisi, ujue miezi, ujue na sukari, vinginevyo ni maneno ya kijiweni.

Kwa upande wa sukari, karatasi ya msimu wa kwanza ilisoma sukrosi asilimia 8.4, huu wa pili 9.7. Ukizidisha na tani na kugawanya kwa ekari nimetoka tani 1.9 hivi za sukari kwa ekari nikafika 2.2. Sisemi ni kifaa peke yake, msimu huu kiangazi kilikuwa kizuri na nilipunguza Urea ya mwishoni, na mbolea ya naitrojeni ikiwekwa nyingi na kwa kuchelewa muwa unaendelea kukua majani badala ya kuweka sukari. Pia niling'oa mashina yote yaliyotoa ule mjeledi mweusi, dalili ya ugonjwa wa ukungu unaoitwa smut, mbegu yangu ni NCo 376 na hiyo inashikwa sana na huo ugonjwa. Kwahiyo ni vitu vingi pamoja. Lakini kila kimoja nilikifanya kwa sababu nilikuwa na namba kwenye daftari.

Kwa bei ya elfu 90 kama una ekari moja au mbili usinunue peke yako, kwa mwaka utakitumia asubuhi tano sita tu, changeni watu kumi, elfu tisa tisa, kikae kwa mtu mmoja anayetunza vitu. Kwetu sasa kinazunguka kwa watu saba na sijaona shida isipokuwa mmoja alikirudisha kioo kimeganda sukari na sisimizi wameingia, nikakisafisha na maji ya vuguvugu kikarudi sawa. Usikizamishe kwenye maji, kikiingia unyevu ndani mstari unakuwa na ukungu na hapo ndo mwisho wake. Kuna vya kidijitali vinaonyesha namba kwenye kioo, mtu mmoja wa Msolwa anacho, kinasoma fasta na wenye macho hafifu kinawafaa, ila ni ghali mara kadhaa na kinataka betri.

Nakipa nyota nne kati ya tano, moja nimeitoa kwa mikwaruzo ya kioo na kuteleza kwa ile sifuri. Na kama hela ya kifaa huna mwaka huu, tepu ya mita 50 kopa kwa fundi, zunguka shamba lako wewe na mtoto mmoja wa kushika ncha, fanyeni kabla trekta halijaja. Mi Jumamosi naenda Ruhembe kumpimia shemeji yangu, anasema zake ni ekari sita.